Mistari Minne Ndani ya Kifuniko

Mimi ni fundi wa malori. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani nilizaliwa nikipenda vitu vidogo vyekundu. Kwa miaka thelathini na nne nimefungua injini za malori yanayotoka Kigali kuvuka kwenda Goma, na hapa Gisenyi mpakani, kwenye gereji yangu, barabara ya Rugerero, lori likilala siku mbili mwenyewe huanza kunipigia simu kama aliyefiwa. Gari kwangu ni kazi, na lisilofanya kazi sina haja nalo.

Kwa hiyo Evode alipoingia uani kwangu mara ya kwanza na lile gari la Kiitaliano, nilicheka hadi nikalazimika kukaa juu ya tairi.

Evode alikuwa fundi saa, mwenye kibanda karibu na soko. Mtu mwembamba, kofia kichwani, sauti ya chini, vidole kama vya mshona lulu. Matajiri wa Goma walimletea saa ambazo mafundi wengine waliogopa hata kuzifungua. Yangu pia aliitengeneza, ile ya marehemu baba, na alinionyesha kwa kioo chake cha jichoni jinsi ndani ya kifuniko cha nyuma kulivyokwaruzwa tarehe ndogo ndogo. Kila fundi aliyeifungua saa ile tangu ilipotoka kiwandani alikuwa ameacha tarehe na herufi ya jina lake. Ndiyo desturi yao, alisema. Mwenye saa haoni kitu, ila fundi atakayefuata ataona. Mimi nilimwambia kwetu fundi anayefuata huona boliti zilizochakaa vichwa, hiyo ndiyo sahihi yetu.

Mwisho wa mwaka 2012, watu wa Goma walipovuka kwa wingi wakikimbia vita, mfanyabiashara mmoja alivuka na gari hilo na hakuwa na pa kulipeleka. Evode akauza shamba lake la viazi la Mudende, akalinunua. Mji mzima ulisema ameingiwa na wazimu, na mimi nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Gari la viti viwili, kwa mtu mwenye watoto watatu! Gari la kukimbia kilomita mia mbili na hamsini kwa saa, katika nchi ambamo ukizidisha kidogo tu kamera ya barabarani inakupiga picha. Na lilikuwa fupi hivi kwamba kila dodani, yaani tuta la barabarani, ililikwaruza tumbo. Kutoka kwake Mbugangari hadi kwangu kulikuwa na dodani sita, na kila moja aliivuka mshazari, gurudumu moja moja, huku wenye baiskeli za ndizi wakimpita na kumsalimia.

Sijasema bado kuhusu matumizi. Oili lita kumi, wala si oili ya dukani kwetu. Mpira mmoja wa maji, urefu wa kiganja, uliagizwa Ulaya kwa bei ya mbuzi. Klachi ilikuwa bei ya ng'ombe, na si ng'ombe aliyekonda. Kitu kidogo cha kuwasha taa kiliharibika kila msimu wa mvua, na kila msimu wa mvua Evode alikaa wiki nzima akikifungua mezani pake kati ya saa za watu. Nilimwambia afuge nguruwe, angalau nguruwe huliwa.

Lakini nitasema ukweli. Siku ile ya kwanza, alipoliwasha, kicheko kilinikatika.

Sauti ilianza chini, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuomba, kisha ikatulia mahali pamoja na haikuyumba tena. Spana zilizoning'inia ukutani zilitetemeka. Nilisikia kifua changu kikijibu. Akafungua nyuma, maana injini ya gari lile iko nyuma ya viti, nikaona mabomba manane yamekunjwa kwa ulinganifu ule ule, moja kando ya jingine, hakuna lililozidi wala kupungua. Nimeona injini zaidi ya elfu maishani mwangu. Ile sikuthubutu kuigusa kabla ya kunawa mikono, na mikono sijawahi kunawa kabla ya kazi, hunawa baada.

Nikachukua bisibisi yangu ndefu, nikaweka ncha kwenye chuma na mpini sikioni. Ndivyo nisikilizavyo injini, na hapa Gisenyi hakuna anayebisha kuhusu sikio langu. Nilisikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Iko muzima," nilisema.

Evode akavua kofia. "Aksanti, fundi. Na ile mikanda ya taimingi, tutabadirisha lini?"

Kwa asiyejua, huo ni mkanda wa mpira wenye meno, na gari lile lilikuwa nayo miwili. Kazi yake ni kuhakikisha valvu na pistoni zinapishana ndani ya injini bila kugusana. Ukikatika zinagongana, na kabla hujainua mguu kwenye pedali injini imeshakuwa chuma chakavu.

"Iko na kilomita ngapi?" nilimwuliza.

"Elfu kumi na tisa."

"Mukanda inafika elfu makumi munane. Enda kupumuzika, muzee. We na ile mwendo yako ya dodani, utakufa mbele mukanda ikatike."

Watu waliokusanyika walicheka, naye akacheka nao. Sikumdanganya kwa makusudi. Malori yangu hayana mikanda ya aina hiyo, yana gia za chuma. Mikanda niliyoijua ni ya teksi, na teksi za hapa hazipumziki hata mwenyewe akiugua. Hakuna gari Gisenyi linalokaa. Sisi tunahesabu kilomita, waliotufundisha walihesabu kilomita, na haikunijia akilini kwamba kuna mkanda unaozeeka umekaa.

Basi ikawa ada. Kila Jumapili baada ya misa Evode alinyanyua turubai, akavuka dodani sita, akaja kwangu nisikilize, akarudi. Siku nyingine zote gari lililala. Mwaka uliofuata aliniuliza tena juu ya mikanda, na uliofuata tena, kwa sauti ile ile ya adabu. Nilimjibu vile vile, mara ya mwisho kwa ukali kidogo, maana kulikuwa na wateja. Kuanzia hapo hakuuliza tena. Nilidhani hatimaye ameelewa.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, mapafu yalimchukua. Siku ya kumaliza kilio wanawe walikaa kugawana. Kaka wawili walichukua nyumba na kibanda. Dada yao Mukamusoni, muuguzi wa kituo cha afya huko Kanama, wakamwachia gari, na nasikia walimwachia haraka haraka kabla hajakataa. Yeye alikuwa na nyumba yake anayojenga Rugerero, imeshapata mabati lakini haina milango. Akapata mnunuzi wa Kigali aitwaye Ngoga, anayekusanya magari ya zamani na kuyakodisha kwa maharusi. Ngoga angekuja Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya jamii ya asubuhi, na bei aliyotaja ingeweka milango, madirisha na sakafu.

Jumatano Mukamusoni aliniletea gari mwenyewe. Alishuka akiwa bado na sare ya kazi, mkononi ana kitabu cha gari kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Papa Sulaiman, ule mununuzi ananiuliza mikanda ilibadirishwa mwaka gani. Mi sijue. Papa hakuandika kitu humu."

"Mwaka?" nikasema. "Mukanda haina mwaka. Mukanda iko na kilomita. Leta nione."

Nilivaa miwani. Nyuma ya kitabu kulikuwa na kurasa za huduma, za kupigwa muhuri na gereji, na zote zilikuwa tupu. Katikati kulikuwa na ukurasa wa Kifaransa. Kifaransa nasoma polepole, lakini nasoma. Mikanda ibadilishwe kila miaka mitatu, hata kama gari halikutembea.

Nikasoma tena. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa shule. Tangu Evode alinunue, zaidi ya miaka kumi na miwili. Na huyu binti alikuwa ametoka Mbugangari sasa hivi, dodani sita, na mpira ambao kwa hesabu hiyo ulikuwa umeoza kitambo.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema mikanda inahitaji ukaguzi, nikafunga mlango, nikaagiza mipya kwa siri. Nimefanya mambo ya namna hiyo kwa wenye malori na sijakosa usingizi. Lakini nilimwona Evode amevua kofia mbele yangu, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, na mimi nacheka.

"Kaa chini, mutoto yangu," nikamwambia. "Papa yako aliniulizaka juu ya hii mikanda mara tatu. Mi ndo nilimukataza. Nilimwambia haina haja. Nilikosa. Sasa moteur yake iko ndani ya hatari, na kosa ni yangu, haiko ya mutu mwingine."

Mukamusoni hakukaa. Alilitazama gari, kisha akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa ya baba yake kabisa.

"Papa alikuwa anakuamini," alisema.

Heri angenitukana.

Alhamisi nilisukuma malori mawili nje ya ua na kufunga geti. Niliondoa gurudumu la nyuma la kulia, kisha paneli iliyo nyuma ya viti, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini huko Ulaya wengine hushusha injini nzima ili kuifikia mikanda hiyo. Nafasi ni ya mkono wa mtoto. Nilifanya kazi kwa ncha za vidole, mara nyingine nimefumba macho, maana hayakunisaidia kitu. Boliti za kifuniko zilikuwa safi, vichwa havina mkwaruzo hata mmoja. Nikajua, kwa uhakika wa fundi, kwamba hakuna mtu aliyewahi kuzifungua tangu kiwandani. Mikono ya mafundi tunaijua sote. Nikafungua ya mwisho nikiwa nimeshajiandaa kuona mpira uliopasuka.

Mikanda ilikuwa mipya.

Niliibinya. Ilikuwa laini, meno yake makali, maandishi meupe ya kiwanda bado yanasomeka. Nilizungusha injini kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili, nikitazama alama zilizochongwa kwenye magurudumu ya juu na ya chini. Jino moja tu likikosewa hapo, umeua injini. Alama zilikutana zote bila kupishana hata unywele. Sikuwa naelewa ninachokiona. Nikageuza kifuniko nilichokishika mkononi ili nikiweke chini, mwanga wa mlangoni ukapiga ndani yake, nikaona mikwaruzo.

Ilikuwa midogo sana. Nilitafuta miwani, nikaipata kichwani mwangu, nikasoma.

20.6.15 E — 21.6.15 S
16.6.18 E — 17.6.18 S
19.6.21 E — 20.6.21 S
15.6.24 E — 16.6.24 S

Nilikaa sakafuni. Mzee wa saa, peke yake, chini ya turubai huko Mbugangari, na vioo vyake vidogo na mikono yake isiyoacha alama kwenye boliti, alikuwa amefanya mara nne kazi ambayo mimi, fundi mkuu, ilinitoa jasho kuifikia tu. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amesoma kitabu, akaniuliza mara tatu kwa adabu, nikamjibu ujinga mara tatu, akaenda akafanya. Kisha akaendelea kuniletea gari kila Jumapili, kofia mkononi.

Nilimpigia Mukamusoni. Alikuja jioni ile kwa pikipiki kutoka Kanama, akapiga magoti kando yangu, akakishika kifuniko kwa mikono miwili.

"Ni mukono ya Papa," alisema. "E ni yeye. S ni nani?"

Nilikuwa nimeshatazama kalenda ya simu. Tarehe zote za E zilikuwa Jumamosi, na za S Jumapili iliyofuata.

"S ni mimi," nikasema. "Kesho yake alikuwa ananiletea nisikilize. Ila mi sikujua kitu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Alikuwaka anasema kwa nyumba: mi niko na mikono, Sulaiman iko na sikio. Sisi tulizania anaongea juu ya saa."

Juni 2021 naikumbuka vizuri. Mwezi mmoja kabla yake volkano ilikuwa imelipuka na ardhi ya mji huu ikapasuka, na ukuta wa gereji yangu ulikuwa bado na ufa wa kuingiza ngumi. Evode alikuja Jumapili ile kama kawaida. Niliweka bisibisi sikioni nikasikiliza, na injini ilikuwa tamu hivi kwamba nilisahau ufa, nikasahau kila kitu. Nikamwambia, "Leo moteur iko inaimba kupita siku zote. Unaona, muzee? Nilikuambia usiguse kitu." Akasema, "Aksanti, fundi," akaondoka na furaha usoni. Nilidhani ni furaha ya kusifiwa gari.

Nililia mbele ya yule binti. Ilikuwa aibu, lakini zaidi ya aibu ilikuwa mshangao, kwamba mtu anaweza kukushinda kwa kiasi kile na bado akakuhitaji.

Ngoga alifika Jumamosi mchana, viatu vina udongo wa umuganda. Alikulia Uganda, Kiswahili chake ni cha kuchechemea lakini macho yake yanajua magari. Nilikuwa nimefunga kila kitu. Mukamusoni aliliwasha. Ngoga alisimama tu, mikono mifukoni, mdomo wazi kidogo, na kwa dakika nzima hakutafuta bei kichwani. Kisha nikamwonyesha picha ya mikwaruzo niliyoipiga kwa simu na kumweleza.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini mtu wa saa, si garage. Mimi nikiuza kesho, nani atakubali? Mzee, hapa kwa kitabu, piga muhuri yako mara nne, na hizo tarehe. Kazi imefanyika, si uwongo. Mimi nalipa bei yote. Bila muhuri, nusu."

Akaweka kitabu juu ya pipa, kimefunguka kwenye zile kurasa tupu. Muhuri wangu ulikuwa mfukoni. Na kweli, haungekuwa uwongo mkubwa. Kazi ilikuwa imefanyika, tarehe zilikuwa za kweli, jina langu lingeng'aa mara nne na milango ya Rugerero ingewekwa. Nilimtazama Mukamusoni, kwa kuwa milango haikuwa yangu.

Alikuwa bado ameketi kwenye kiti cha baba yake, mkono juu ya usukani.

"Andika vile ilikuwa," alisema.

Nikaandika, kwa herufi kubwa, maana mwandiko wangu ni wa spana. Mikanda ilibadilishwa mara nne na Evode, fundi saa. Nikaandika tarehe zake zote nane, na E na S, kama alivyozipanga. Chini yake nikaandika: Mimi Sulaiman, mwenye gereji, nilisikiliza tu. Kabla ya hapo nilimshauri vibaya mara tatu. Nikapiga muhuri mara moja, chini ya sentensi hiyo.

Ngoga alisoma, akapuliza hewa. "Nusu, basi."

Mukamusoni alizima injini. Alishuka, akakichukua kitabu juu ya pipa, akasoma nilichoandika, akakirudisha kwenye mfuko wake wa plastiki.

"Aksanti, monsieur. Siuzishe tena."

Ngoga alisubiri kidogo, akidhani ni mbinu ya bei. Akapandisha kidogo. Akapandisha tena. Mukamusoni alimpa mkono wa kwaheri kwa adabu, naye akaelewa, akaenda zake akigeuka nyuma kutazama gari mara mbili.

"Na milango?" nikamwuliza.

"Milango itangoja. Nitaweka mapazia." Alikuwa anatazama ndani, pale nyuma ya viti, kwenye ile nafasi ya mkono wa mtoto. Akanyoosha kiganja chake mbele yake, kiganja cha muuguzi, chembamba, akakigeuza huku na huku. "Papa Sulaiman, ingine ni mwaka gani?"

Nikahesabu, safari hii kwa miaka. "Elfu mbili makumi mbili na saba. Mwezi wa sita."

"Bon. Mikono niko nayo." Akanigeukia. "Utanisikilizia?"

Nilitaka kumtajia bei ya klachi, na ya mpira wa maji, na ile taa ya msimu wa mvua. Nikamwambia Jumapili gereji yangu iko wazi.